Barua Iliyokaa Juu ya Mlango: Lugha Yetu, Hati Zetu na Dini Yetu

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Sifa zote njema zamstahikia Allah (s.w.t.), aliyemuumba mwanadamu akamfundisha kubainisha yaliyo moyoni mwake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote. Tunamshukuru Mola kwa kutufikisha katika mwezi huu mtukufu, maana wangapi tulikuwa nao Ramadhani iliyopita na leo wako chini ya ardhi. Allah awarehemu.

Makala haya yahusu lugha. Huenda ukasema, "Lugha tena? Si hayo ni mambo ya darasani?" Subiri kidogo. Nataka nikuoneshe kuwa lugha tunayosalimiana nayo hapa kwetu, kuanzia Mombasa kupanda mpaka Miasenyi, Maungu na Voi, imebeba dini yetu, historia yetu, na wakati mwingine hata madeni yetu.

LUGHA INAYOHESABU KWA RAMADHANI

Hebu nikuulize swali. Baada ya Ramadhani unakuja mwezi gani? Aliyesoma madrasa atajibu haraka: Shawwal. Sawa. Lakini nenda kamuulize nyanya yako. Atakwambia ni Mfunguo Mosi. Unaofuata ni Mfunguo Pili, kisha Mfunguo Tatu ambao ndio mwezi wa Hija, na tunaendelea hivyo hivyo. Maulidi twasoma Mfunguo Sita. Tukifika Mfunguo Tisa hesabu inasita, tunaingia Rajabu, Shaabani, halafu Ramadhani yenyewe.

Umeona? Wazee wetu walipopanga mwaka hawakuanzia Januari, wala hawakuanzia Muharram. Walianzia pale wanapofungua saumu. Miezi tisa mizima haina jina jingine ila umbali wake kutoka Ramadhani. Watu ambao mwezi huu kwao ulikuwa kitu kidogo hawangeweza kutunga kalenda kama hii.

Tazama na siku za wiki. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano: mosi, pili, tatu, nne, tano. Halafu badala ya kusema Jumasita tunasema Alhamisi, neno la Kiarabu lenye maana ya siku ya tano! Yaani wiki ya Mswahili ina siku mbili za tano. Sababu ni kuwa Waarabu wanaanza hesabu siku ya Jumapili, sisi tunaanza siku inayofuata Ijumaa. Ijumaa ndiyo kilele, na baada yake tunaanza upya na mosi. Hata asiyekuwa Mwislamu, akisema "tukutane Jumatatu", anahesabu kuanzia swala ya Ijumaa bila kujijua.

NDIMI NI KATIKA ISHARA ZAKE

Katika Surat Ar-Rum, aya ya 22, Allah (s.w.t.) ametuhesabia tofauti za ndimi zetu na rangi zetu kuwa ni katika ishara Zake, pamoja na kuumbwa kwa mbingu na ardhi. Na katika Surat Ibrahim, aya ya 4, ametueleza kuwa hakutuma mjumbe ila kwa lugha ya watu wake ili awabainishie. Neno la kushika hapo ni kubainisha. Ujumbe usiofahamika haujafika.

Mtume (s.a.w.) mwenyewe alimwamuru kijana wake, Zaid bin Thabit (r.a.), ajifunze maandishi ya Mayahudi ili aweze kumsomea na kumwandikia barua zao. Zaid akajifunza kwa muda mfupi mno. Na Zaid huyu huyu ndiye aliyekuja kupewa kazi ya kukusanya Qur'an wakati wa Sayyidna Abubakar (r.a.). Kwa hiyo kijana wa Kiislamu anayejua hati zaidi ya moja ana mtangulizi mkubwa.

NENO LILILOKOSEKANA NYIKANI

Sasa tuje nyumbani, Taita Taveta.

Mwezi Mei mwaka 1848, mmishonari wa Kijerumani aitwaye Johannes Rebmann alikuwa akitoka upande wa Taita kuelekea Uchagani. Kiongozi wa msafara wake alikuwa Mswahili, Bwana Kheri. Tarehe 11, Rebmann aliona kitu cheupe juu ya mlima mrefu. Akamuuliza kiongozi wake: kile cheupe ni nini? Mwenzake hakuwa na jina la kitu kile. Akajibu kwa neno alilokuwa nalo: baridi.

Mlima wenyewe ni Kilimanjaro na kile cheupe ni theluji. Rebmann alipoandika habari hiyo Ulaya, wako mabingwa wa jiografia waliomkatalia. Bwana mmoja wa London, William Desborough Cooley, alishikilia kwa miaka mingi kuwa haiwezekani kuwe na theluji karibu na mstari wa Ikweta. Cooley hakuwahi kukanyaga huku.

Mimi kisa hiki hunifikirisha sana. Rebmann alikuwa na neno akilini mwake, lakini pasi na msafara wa Bwana Kheri asingefika mahali pa kulitumia. Bwana Kheri hakuwa na neno, lakini njia aliijua, na watu wa njiani aliwajua. Na jibu lake halikuwa baya hata kidogo, maana aligusa sifa ya kitu kabla hajapata jina lake. Baadaye Kiswahili kikachukua neno kutoka Kiarabu, thalj, tukapata theluji. Lugha hukua hivyo. Mtu hukutana na jambo geni, hupapasa kwa maneno aliyonayo, kisha huazima, na akishaazima hulifanya lake.

RELI NA MANENO YAKE

Ukisimama Miasenyi leo utaona njia tatu zikienda pamoja: barabara kuu ya Mombasa–Nairobi, reli ya zamani, na reli mpya ya SGR iliyofunguliwa mwaka 2017, ambayo ina stesheni hapo hapo Miasenyi. Kote pembeni ni nyika kavu, michongoma, ng'ombe wa ranchi na ndovu.

Reli ya kwanza ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901. Waingereza walileta zaidi ya wafanyakazi 30,000 kutoka Bara Hindi, na wengi wao walitoka Punjab. Miongoni mwao walikuwako Waislamu, na ukishuka kidogo mpaka Mackinnon Road utaona msikiti wa Seyyid Baghali kando ya reli, jina la mmoja wao. Mwanadamu huenda na dini yake, na huenda na maneno yake pia. Gari, chapati, laki, dobi, bima: yote hayo yametoka kwa Wahindi. Meza, leso na gereza tumeyapata kwa Wareno. Na hilo la mwisho lina kichekesho chake, kwa sababu asili yake kwa Kireno ni kanisa! Shule ni ya Wajerumani. Kitabu ni cha Waarabu, lakini sisi tulipoona kinaanza na "ki" tukakifanya kama kiti na kisu, tukasema vitabu. Mwarabu akisikia hashangai kidogo.

Halafu ikaja Vita Vikuu vya Kwanza. Agosti 1914 Wajerumani waliiteka Taveta. Waingereza wakajenga reli kutoka Voi kuelekea huko, na vijana wa Kiafrika wakachukuliwa kwa maelfu kuwa wapagazi wa jeshi. Mtaita, Mkamba, Mjaluo na Mdigo watasemezana kwa lugha gani mzigo ukiwa kichwani? Kiswahili. Kikosi chao, Carrier Corps, ndicho kilichotuachia majina ya Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Wengi hawakurudi.

Nenda Dar es Salaam ukaitazame Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mwaka 1927 kuwakumbuka. Ina maandishi ya Kiingereza na ya Kiswahili. Na hayo ya Kiswahili yameandikwa mara mbili: kwa herufi za Kilatini, na kwa herufi za Kiarabu. Yaani mwaka 1927 serikali yenyewe ya kikoloni ilijua kuwa wasomaji wa Kiswahili wako wanaosoma kwa hati ile. Leo sijui ni wangapi wetu tungeweza kuisoma.

HATI ZETU ZILIKWENDA WAPI?

Siku hizi kijana ukimwambia Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu anaona kama hadithi. Lakini kuna barua za Kiswahili za hati hizo zilizohifadhiwa Goa, India, ambazo ni za mwanzoni mwa miaka ya 1700. Utendi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728. Mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu aliandika utendi wa kumuusia binti yake, akiwa mgonjwa. Huyo ni mwanamke, mama wa nyumbani, wa Siyu, akiandika miaka 40 kabla ya reli kufika Voi. Kwa hiyo anayesema kuandika kulikuja na meli ya wazungu hajui historia.

Ni haki kusema kuwa hati ile ilikuwa na taabu zake. Kiarabu hakina p, wala v, wala ch. Herufi ya ba ilibeba b, p na mb. Fa ilibeba f na v. Kasra ilikuwa i na pia e, dhamma ilikuwa u na pia o. Msomaji ilibidi awe tayari anaijua lugha ndipo asome sawasawa.

Dk. Krapf, mwenzake Rebmann, katika sarufi yake ya Kiswahili ya mwaka 1850 alipendelea herufi za Kilatini, na hakuficha sababu yake moja: aliogopa kuwa herufi za Kiarabu zingefungua mlango wa kuenea Uislamu. Wamishonari wakafuata njia hiyo katika shule zao, na serikali nazo zikafuata. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano Mombasa ukachagua Kiswahili cha Unguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki. Hati ya Kiarabu ikabaki madrasani na masandukuni.

Silalamiki bure. Hata makala haya nayaandika kwa herufi za Kilatini, na zimetusaidia sana. Ninachosema ni kwamba jambo hili lilikuwa na gharama, na gharama hiyo nitakuonesha ilivyoingia nyumbani kwetu.

SHEIKH ALIYEANDIKA KWA WATU WAKE

Kabla ya hapo, tumtaje mtu mmoja. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Alikuwa mwanachuoni ambaye angeweza kukaa na Kiarabu chake akaridhika, lakini aliona watu wake wanasoma bila kufahamu. Mwaka 1930 akaanzisha karatasi iitwayo Sahifa, na mwaka 1932 gazeti la Al-Islah. Aliandika kwa Kiswahili, tena kwa hati za Kiarabu walizozijua watu wa kawaida. Akazungumza elimu, malezi, kusomeshwa watoto wa kike, na kuwaiga wazungu katika mambo yasiyo na faida. Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, akafariki mwaka 1947, akiwa ameanza tafsiri ya Qur'an ambayo hakuimaliza.

Sasa fikiri jambo hili. Tafsiri nzima ya kwanza ya Qur'an kwa Kiswahili ilitoka mwaka 1923, na aliyeiandika alikuwa padri, Godfrey Dale, wa misheni ya UMCA Unguja. Mwaka 1953 wakatoa yao Maahmadia. Tulingoja mpaka mwaka 1969 ndipo Sheikh Abdullah Saleh Farsy, aliyekuwa mwanafunzi wa Sheikh Al-Amin na wakati huo Kadhi Mkuu wa Kenya, akatupa Qur'ani Takatifu nzima. Ukiacha nafasi wazi katika lugha yako, mwingine ataijaza, na ataijaza kwa nia yake.

BARUA YA BABU

Babu yangu alifanya kazi katika gengi ya reli Miasenyi. Alifariki kabla sijazaliwa. Nyumbani kwa nyanya kulikuwa na karatasi iliyokunjwa, imefungwa kwa nailoni, imepachikwa juu ya mlango. Tulikatazwa kuigusa bila udhu. Mtoto akipata homa ilishushwa ikawekwa chini ya mto. Sote tuliamini ni aya za Qur'an, au dua ya kinga, kwa sababu ilikuwa na herufi za Kiarabu. Na ni nani angeuliza?

Mwaka mmoja nilirudi likizo mwezi wa Shaabani. Nikachukua udhu, nikaomba ruhusa, nikaifungua. Baada ya Bismillahi nikaanza kusoma, lakini Kiarabu chenyewe kilinishinda. Herufi nazijua, irabu zipo, maana hakuna. Nikadhani elimu yangu ya madrasa imekwisha. Nikasoma kwa sauti, neno neno, kama mtoto wa juzuu. Nyanya alikuwa anapepeta mchele. Akasita.

"Rudia hapo," akasema.

Nikarudia.

"Mwanangu, hicho si Kiarabu. Babuyo huyo anasema."

Basi mimi mwenye macho ya kusoma sikufahamu, na yeye asiyejua alifu wala ba ndiye aliyefahamu. Tukakaa hivyo, mimi natoa sauti, yeye anatoa maana. Kuna neno lilinitatiza: niliona kama ni bata, au pata. Nyanya akacheka mpaka akaweka ungo chini. "Babuyo hakufuga bata! Ni mbata. Alikuwa akishuka Mazeras akichukua mbata kwa mkopo, anakuja kuuza huku bara." Hiyo ni nazi kavu, kwa asiyejua.

Ilikuwa wasia wa madeni. Shilingi 40 za mbata kwa mtu wa Mazeras. Shilingi 15 kwa mwenye duka wa Maungu. Na mwisho aliomba wanawe wamlipie asije akaulizwa nayo.

Kicheko kilikatika. Nyanya alifuta macho kwa ncha ya leso, akasema, "Miaka yote hiyo yu juu ya mlango anatuomba, na sisi twamweka chini ya mto."

Ndugu msomaji, wajua vile Mtume (s.a.w.) alivyotutahadharisha na deni la maiti. Kwa zaidi ya miaka 30 watu wa nyumba ile walipita chini ya karatasi ile kila siku, wakaiheshimu na kuibusu, na aliyeiandika hakusikiwa. Amu yangu alikwenda Mazeras, akauliza msikitini baada ya Maghrib, na kwa uwezo wa Allah akawapata wajukuu wa yule mzee. Walipokea, tena kwa machozi. Mwenye duka wa Maungu alishahama na hakuna aliyejua alikokwenda, basi kwa ushauri wa imamu ikatolewa sadaka kwa niaba yake. Hiyo ilikuwa Ramadhani ya furaha nyumbani kwetu, alhamdulillah.

TUFANYE NINI?

Nimekupa kisa hiki kwa sababu naona sisi sote tuna karatasi juu ya mlango. Wengi wetu tunahitimu juzuu, tunasoma tarawehe, na maana hatuijui. Tunaiheshimu Qur'an mpaka tunasahau kwamba inazungumza nasi. Allah ametutaka tuizingatie, na mwezi huu ndio ilioteremshwa.

Kwa hiyo nina mambo matatu, na si mazito.

Kwanza, kila unaposoma ukurasa mmoja Ramadhani hii, soma na tafsiri yake, hata kama ni aya tano tu. Tafsiri za Kiswahili ziko, hatuna udhuru waliokuwa nao babu zetu.

Pili, kama nyumbani kwenu kuna sanduku lenye makaratasi ya hati za Kiarabu, usiyachome kwa kudhani ni makuukuu, wala usiyafanye hirizi. Yatoe, kaa na mzee, msome pamoja. Ukingoja mwaka ujao huenda umbo la herufi likabaki na aliyejua maana hayuko.

Tatu, usione haya kwa lugha zako. Katiba yetu ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pamoja na Kiingereza kikawa lugha rasmi. Jifunze Kiingereza cha chuo, jifunze Kiarabu cha dini, na Sheng' na marafiki sawa, lakini si mbele ya wazee tafadhali. Na Kidawida, Kisaghala, Kikasigau, Kiduruma au Kikamba cha mama yako usikiache. Kuna nyanya ambaye maana ziko kwake, na anangoja mtu wa kumsomea.

Ewe Mola wetu, tufundishe yatakayotufaa, utunufaishe kwa uliyotufundisha, uwasamehe wazee wetu na uwalipie madeni yao. Zikubali saumu zetu na utufikishe Mfunguo Mosi salama. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.